King'ora cha Nkwabi

Mtu akikuambia Modesta ni mwanamke mpole, mwambie mimi Zakia nimekataa. Nimekaa naye chumba kimoja kiwandani, mimi na taipu yangu mlangoni, yeye na redio yake dirishani, na sijaona mtu mwenye kinyongo cha kudumu kama chake. Na ninamsifu kwa hilo. Wako watu wanaofanyiwa ubaya, wanaambiwa wasamehe, nao wanasamehe midomoni huku ndani wanaungua. Modesta hakusamehe midomoni wala moyoni. Alisubiri, akapata nafasi, akaitumia.

Lakini ngoja nianze mwanzo, maana mimi nikipandwa na hasira naruka hatua.

Kiwanda chetu cha minofu kilifunguliwa miaka ile biashara iliporuhusiwa kwa kila mtu, na kila mwenye mtaji akakimbilia Mwanza kutafuta sangara. Zamani sangara alikuwa mboga tu. Ghafla akawa anapanda ndege kwenda Ulaya, sisi wenye ziwa tukaachiwa mapanki, kichwa na mifupa, tukaange tushukuru. Boti za kiwanda zilibeba barafu kwenda visiwani, Kome, Maisome, Ukerewe, zikanunua samaki mialoni, fukweni wavuvi wanapotua, na kurudi. Kila boti ilikuwa na redio. Kituo chenyewe kilikuwa chumbani kwetu, na mlingoti wake ulisimama juu ya kilima cha mawe nyuma ya kiwanda.

Aliyeongea na boti zote alikuwa Modesta. Ni Mkerewe wa Nansio, anasema Kikerewe, Kijita na Kisukuma, na Kiswahili chake kimenyooka. Nahodha akichanganyikiwa kwa hofu akasahau Kiswahili, Modesta alimfuata huko huko kwenye lugha ya mama yake. Chaneli ilikuwa moja, ya wazi. Ukisema neno, boti zote zinasikia, mawakala wa mialoni wanasikia, hata washindani wetu wanasikia. Siri haikuwepo.

Mume wake, Luhaga, alikuwa nahodha wa boti ya nne. Msukuma wa Mkolani, mrefu, mwenye maneno mengi. Walijuana redioni kabla hawajaonana uso kwa uso, na hata baada ya kuoana hakuacha vituko vyake. Katikati ya kazi utasikia, "Mwanza, Mwanza, hapa boti ya nne. Jioni tunakula nini, ova?" Ziwa zima linacheka. Modesta anakaza uso na kumjibu, "Boti ya nne, taja kilo za samaki, ova." Halafu akiachia kitufe anacheka mpaka anafuta machozi.

Sasa nieleze ule mtambo, maana bila huo hutaelewa ubaya aliofanyiwa. Redio ya boti, hata nahodha akiwa amenyamaza, ilikuwa inajitambulisha yenyewe kwa kituo kila baada ya muda mfupi. Ikiacha kujitambulisha, mtambo unajua boti hiyo imepotea hewani. Kinachofuata kinategemea umeupangaje. Tukio ukiliweka daraja la kwanza, king'ora kinalia chumbani kwetu na ofisini kwa meneja, na taa nyekundu inawaka. Daraja la pili, taa ya njano inawaka mezani kwa Modesta na kengele inagonga kidogo. Daraja la tatu, linachapwa kwenye karatasi basi. Daraja la nne, mtambo unalimeza. Hakuna taa, hakuna mlio, hakuna karatasi. Ni sawa na jambo ambalo halikutokea.

Boti kupotea hewani kuliwekwa daraja la pili tangu mtambo ulipofungwa. Lakini ziwa letu lina mambo yake. Redio ilikula betri ile ile ya gari iliyoendesha pampu ya kutoa maji kwenye boti, na manahodha wetu waliionea huruma betri kuliko walivyojionea huruma wenyewe. Wakifika mwaloni wanazima redio. Wakila wanazima. Wakibishana bei na wavuvi wanazima. Kwa hiyo taa za njano ziliwaka kutwa. Modesta hakuzichukia. Alijua desturi ya kila nahodha, nani anazima akifika Kome, nani anazima akila, na taa ikiwaka pale isipotarajiwa alikuwa anaita mara moja, na asipojibiwa anaomba boti ya karibu ikaangalie. Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda, na hakuna aliyefia majini.

Aliyezichukia taa alikuwa Nkwabi, msimamizi wa boti. Mwanamume wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Malalamiko yake ni kwamba kengele inamuumiza kichwa. Uongo mtupu! Kilichomuumiza kichwa ni kwamba yeye na nahodha mmoja walikuwa wanapeleka samaki wetu kwa mnunuzi mwingine, wanazima redio wakiwa njiani, na kila wakizima Modesta anaita kwenye chaneli ya wazi, "Boti ya pili, uko wapi?" Wizi gani utafanyika hivyo?

Modesta alipokwenda Nansio kwenye msiba wa baba yake, Nkwabi alimleta fundi mgeni. Mimi niliwaona wakiinama kwenye mtambo. Nkwabi aliniambia, "Zakia, tunapunguza kelele," na mimi mpiga taipu ningejua nini? Modesta aliporudi alikuta meza imetulia. Akamuuliza Nkwabi, naye bila haya akajibu, "Nimewatia adabu manahodha. Hawazimi tena."

Modesta alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alifurahi, akawapongeza manahodha redioni, nao wakacheka kwa sababu kila mmoja alidhani wenzake ndio waliobadilika.

Kisha ikafika siku ya Luhaga. Asubuhi aliita akiwa anaondoka Maisome, amejaza samaki, akatania chakula kama kawaida yake. Katikati ya maji boti ikapasuka ubao, maji yakaingia, betri ikazama na redio nayo. Meza ya Modesta haikuwaka. Akaendelea na kazi, akaongea na Kome, akaongea na Ukerewe, akijua boti ya nne iko hewani na mumewe yuko salama. Alipoita kumuuliza saa ya kufika, ndipo alipokuta kimya. Akaita kwa kila lugha anayoijua. Nilimwona akiigonga ile taa ya njano kwa kidole, anaigonga tena na tena.

Kijana aliyefanya kazi botini na Luhaga aliokolewa na wavuvi akiwa ameng'ang'ania mfuniko wa sanduku la barafu. Luhaga walimpata amekufa. Yule kijana alisema walielea pamoja tangu asubuhi mpaka jua likapita utosini, na Luhaga alikuwa anamtia moyo. "Vumilia," alikuwa anamwambia, "Modesta ataiona taa. Watakuja sasa hivi."

Maneno hayo yalifika msibani Mkolani kabla ya jeneza. Na Nkwabi, mwana kulaaniwa, alisimama mbele ya waombolezaji na shati lake jeupe, akasema kiwanda kimesikitika, lakini mitambo ilikuwa mizima, na mke wa marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa zamuni. "Kama yeye hakuona," akasema, "nani mwingine angeona?"

Mama yake Luhaga alimgeukia mkwe wake. Alikuwa amelia "Ng'wanawane, ng'wanawane," mwanangu, mwanangu, mpaka sauti imekwisha, lakini hapo aliipata. "Mwanangu alikuwa anakungoja. Ulikuwa unaangalia nini?"

Taa haikuwaka, ndiyo, lakini nani angemwamini Modesta? Hata yeye mwenyewe alianza kufikiri labda iliwaka, labda aligeuka. Matanga yalipoanuliwa mama mkwe alimtolea sanduku lake nje. Modesta akapanga chumba Kirumba. Kila Jumapili alikwenda Mkolani, anapiga magoti nje ya mlango, anasema shikamoo mama, na mlango haufunguki. Mimi nilimwambia aache kujidhalilisha. Akasema, "Yule ni mama yake Luhaga. Nitakwenda mpaka anijibu." Watu wa Mkolani wakawa wanamwonyesha kwa vidole, huyo ndiye aliyemwacha mumewe afe majini. Mwanamke wa watu akakonda, akabaki macho.

Kazini hawakumfukuza, na Nkwabi ndiye aliyemtetea. Hujaelewa? Ukimfukuza mtu lazima ueleze, na ukianza kueleza utaufungua mtambo.

Mtambo ulikuja kufunguliwa na mtu mwingine. Tulipata meneja mpya, Alexander, Mhaya aliyependa vitu vikagu­liwe, akamleta fundi wa mjini hapa hapa, Nurdin, kijana wa ukoo wa mafundi saa. Nurdin hakuwa na choyo. Aliunganisha kioo na kibao cha herufi, akamwita Modesta akae karibu, akawa anamwonyesha ukurasa mmoja mmoja. Tukio hili daraja hili, tukio lile daraja lile. Wakafika kwenye boti kupotea hewani.

"Hapa pana ajabu," Nurdin akasema. "Mmeweka daraja la nne?"

Modesta aliuliza daraja la nne ni lipi. Nurdin akamweleza. Mimi niliacha kupiga taipu.

"Inaweza kujibadilisha yenyewe?" Modesta akauliza.

"Thubutu! Mtambo huu hautoki kwa watengenezaji hivi. Mpaka mtu akae hapa, aandike kwa mkono wake."

"Na unaweza kujua ni nani?"

Nurdin akatikisa kichwa. Mtambo wa namna ile haukuhifadhi jina la aliyeupanga. Modesta alikaa akitazama kile kioo. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, nikasimama na kumwambia kila kitu nilichokiona siku ile Nkwabi alipomleta fundi.

Alimwendea Nkwabi mchana ule ule, nami nikamfuata. Wakati huo Nkwabi alikuwa ameachana na ofisi, amenunua boti yake, anaikodisha kwa kiwanda na kuiendesha mwenyewe. Tulimkuta gatini anapakia barafu. Modesta akamwambia alichokiona. Nkwabi akacheka kabla hajamaliza.

"Una ushahidi?"

"Zakia alikuona."

"Zakia anajua mtambo? Fundi yuko wapi, aje ashuhudie?" Fundi alikwisha rudi kwao siku nyingi. "Shemeji, msiba umekuchanganya. Nenda kapumzike."

Shemeji! Nilitaka kumrushia bonge la barafu. Modesta alinishika mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nkwabi, utayasema mwenyewe, redioni, ziwa zima likisikia. Na mama yake Luhaga atakuwepo." Akageuka tukaondoka.

Meneja Alexander alimsikiliza vizuri, lakini alisema neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mwingine halimpeleki popote. Alichompa ni ruhusa. "Panga madaraja unavyoona yanafaa, tusipoteze mtu tena." Alidhani amempa jambo dogo tu.

Modesta na Nurdin wakakaa wakapanga. Boti zote kupotea hewani, daraja la pili, taa ya njano kama mwanzo. Boti ya Nkwabi peke yake, daraja la kwanza. Meneja alipouliza kwa nini, Modesta akamjibu kwamba ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote. Hakudanganya, ilikuwa kubwa kuliko zote.

Weee! Siku ya kwanza Nkwabi kuzima redio, king'ora kililia mpaka wakata minofu wakatoka nje na visu mkononi. Meneja akaja mbio, akashika maikrofoni mwenyewe. "Boti ya Nkwabi, Mwanza hapa, una tatizo gani?" Kimya. Baada ya kitambo Nkwabi akawasha, sauti tamu, "Nilikuwa nakula, bosi." Kesho yake tena. Keshokutwa tena, na safari hii nahodha wa boti ya sita, Machibya, akadakia, "Mwanza, mwenzetu namwona hapa, anakula pembeni ya boti ya kampuni nyingine, ova." Ziwa likacheka.

Hapo ndipo Nkwabi alipokiona cha mtema kuni. Akizima redio analiliwa na king'ora na kuulizwa mbele ya watu. Asipozima, Modesta anamwita kila mara, "Boti ya Nkwabi, uko wapi?" na lazima ajibu, na yule mnunuzi wake wa pembeni anasikia, anaogopa, anamkimbia. Betri ikimwishia, king'ora. Waya ukilegea, king'ora. Mialoni watoto wakimwona wanaiga mlio. Meneja akaanza kumkata safari. Modesta kila king'ora kilipolia alikunywa chai yake taratibu, na nakuambia ilikuwa inamwingia.

Nkwabi akaja mwenyewe chumbani kwetu. Hakucheka safari hii. "Modesta, dada yangu, unanikalia kooni. Nipunguzie basi. Iweke daraja la nne kama zamani."

Aliposema zamani alijisikia. Niliona uso wake ukibadilika.

"Kumbe unakumbuka," Modesta akamwambia. "Kaa hapa, bonyeza kitufe, uwaambie watu ya zamani. Nitakupunguzia leo hii."

Alitazama maikrofoni kwa muda, akatoka bila kuaga.

Kosa la king'ora kulia kila siku ni kwamba watu wanakizoea. Wakata minofu waliacha kutoka nje. Meneja akawa akikisikia anapiga kelele kupitia ukutani, "Zima hicho, anauza samaki wangu tena!" Palikuwa na kitufe cha kukinyamazisha, na Modesta akawa anakibonyeza kama anayefunga dirisha. Hivyo mchana mmoja, wingu jeusi limetanda upande wa Kome na upepo unapiga mabati ya kiwanda, kilipolia hakuna aliyeinuka. Mimi sikuinuka. Meneja akapiga kelele zake ukutani. Modesta akanyoosha kidole kwenye kitufe, kisha akakirudisha.

"Boti ya Nkwabi, Mwanza hapa." Kimya. "Boti ya Nkwabi." Kimya.

Alitazama nje. "Zakia, hakuna anayeuza samaki na upepo huu."

Nilijua anasema nini, na nilimjibu, na maneno yangu siyarudishi. "Mwache. Bonyeza hicho kitufe unywe chai yako. Luhaga alimngoja nani? Naye angoje."

Mkono wake ulikuwa bado hewani. King'ora kinalia. Naapa sijui angefanya nini kama nisingesema vile. Akanigeukia, macho makavu.

"Akifa, nani atamwambia mama mkwe ukweli?"

Akashika maikrofoni. "Boti ya sita, boti ya sita, Mwanza. Machibya, geuza urudi njia ya Kome. Boti ya Nkwabi imepotea, ova."

Machibya akacheka. "Mwanza, huyo anauza samaki. Na mimi hapa nahangaika na mawimbi, ova."

"Machibya, ni mimi ninayekuambia. Mimi mke wa Luhaga. Geuza."

"Nageuza, ova."

Meneja alikuja akasimama mlangoni, hakusema tena kuzima. King'ora kiliendelea kulia, hakuna aliyethubutu kukigusa, mpaka Machibya alipoita. Boti ilikuwa imebinuka, Nkwabi ameshikilia mkuku, ule uti wa chini ya boti, pamoja na watu wake, wote wazima, bado hawajachoka hata kidogo. Walikuwa majini muda mfupi mno hivi kwamba kalamu zake zilikuwa bado mfukoni. Boti yoyote nyingine ingewashiwa taa ya njano na Modesta angeita, ndiyo, lakini siku ile ya upepo taa za njano zilikuwa zimejaa meza nzima, na angeifikia ya Nkwabi baadaye. Aliokolewa na chuki. Mimi nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Nkwabi akaja kushukuru, na kaka zake wawili, mbuzi na kitenge. Modesta hakuvigusa. "Mbuzi mrudishe nyumbani. Kesho asubuhi, boti zikiwa zinaondoka, njoo redioni. Unajua cha kusema."

Nkwabi aliinamisha kichwa. Kaka yake mkubwa ndiye aliyejibu, "Atakuja, mama."

Kwa kuwa mama mkwe asingekuja kwa wito wa Modesta, nilikwenda Mkolani mimi. Alinifungulia. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Kuna mwanamume anataka kusema jinsi Luhaga alivyokufa." Alifunga kilemba chake bila kuuliza swali, tukaja. Chumbani akakaa kwenye kiti changu, amempa Modesta mgongo.

Nkwabi aliketi mezani. Meneja alikuwepo, na Nurdin, na wakata minofu wamejaza korido. Akabonyeza kitufe. "Boti zote, boti zote. Hapa ni Nkwabi." Akakohoa. "Nataka kusema, siku ile ya marehemu Luhaga, palitokea hitilafu kidogo kwenye mtambo."

"Sema vizuri," Modesta akasema nyuma yake.

Jasho lilikuwa linamtoka. "Haikuwa hitilafu. Mimi nilimleta fundi, Modesta akiwa msibani Nansio. Nikamwambia aweke daraja la nne, boti zikipotea zisionekane. Nilikuwa nauza samaki wa kiwanda pembeni. Luhaga alipozama hapakuwaka taa. Mke wake hakuzembea. Hapakuwa na taa ya kuona." Akafuta jasho. "Na msibani nilijua. Nilisimama pale nikijua."

Aliachia kitufe. Redio ikavuma tupu. Kisha sauti ya Machibya ikaingia, nzito, "Mwanza, boti ya sita imesikia." Ikafuata nyingine, "Boti ya tatu imesikia." Ya tano. Ya kwanza. Mwalo wa Kome, wakala, "Kome tumesikia." Ukerewe wakasema kwa Kikerewe. Zikaita zote, moja moja, na kila moja ilipoita mabega ya Nkwabi yalishuka.

Meneja akamuuliza Modesta kwa sauti ya chini, "Sasa tuishushe boti yake daraja?"

"Ibaki hapo hapo."

Nkwabi aliinuka. Hapakuwa na njia ya kutoka isipokuwa kupita mbele ya kiti cha mama Luhaga. Akasimama, akapiga goti, mtu mzima yule, kiganja sakafuni.

"Shikamoo, mama."

Bibi alimtazama. Tulingoja, korido nzima ikangoja. Marahaba haikuja. Nkwabi akarudia, "Shikamoo, mama," na bibi akamwangalia tu, mpaka kaka yake akaja kumwinua kwa kwapa na kumtoa nje.

Ndipo bibi alipogeuza kiti. Alimtazama Modesta, akamnyooshea mkono amsaidie kusimama.

"Mkamwana," akasema, "chukua mkoba wako twende nyumbani."